Safu ya Fedha Isiyopoteza Senti

Mwaka wangu wa kwanza wa kuandika programu hapa Nairobi, nilitengenezea sacco moja daftari la michango, na safu ya kiasi nikaipa aina ya FLOAT (floti, yaani namba zenye nukta) kwa sababu tu fedha huandikwa kwa nukta. Miezi ilipita bila malalamiko, hadi mhasibu alipoketi nami kufunga mwezi, urari ukiwa umechapishwa mbele yetu, pande mbili za hesabu zikiachana kwa senti 37. Aliweka kalamu juu ya jumla, akasema, "Hizi ni pesa za watu." Sikuwa na jibu.

Mhasibu hakuwa amekosea. Namba za aina hiyo kompyuta huzihifadhi kwa nusu, robo, thumni na vipande vidogo zaidi vya namna hiyo, na senti 10, ambazo ni sehemu moja ya kumi ya shilingi, hazitimii kamwe kwa vipande hivyo, kama vile thuluthi isivyokwisha tunapoiandika kwa desimali. Ndiyo maana ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwa floti ya biti 64 unapata 0.30000000000000004. Ile ya biti 32 ni mbaya zaidi: inaweza kuhifadhi 16,777,216, lakini 16,777,217 haina nafasi humo, na amana za sacco hufika huko mapema.

Siku hizi, ninapotumia hifadhidata ya PostgreSQL, nachagua aina ya NUMERIC ya tarakimu 14, mbili kati yake zikiwa za senti, kwa kuwa huhifadhi desimali jinsi ilivyoandikwa. Aina ya MONEY iliyomo humo siipendi, maana desimali zake hufuata mpangilio wa hifadhidata na haikumbuki kiasi ni cha sarafu gani. Sarafu naiwekea safu yake: katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi ya Kenya ina desimali mbili, ya Uganda haina hata moja, na dinari ya Kuwait ina tatu. Hifadhidata ya SQLite haina aina ya desimali halisi, kwa hiyo humo nahifadhi senti kwa namba kamili.

Kugawanya ndiko kunakobaki kugumu. Gawio la shilingi 100 kwa wanachama watatu ni 33.33 kwa kila mmoja, na senti moja inasalia, wala hakuna aina ya safu itakayoamua ni ya nani. Kanuni hiyo tuliiandika pamoja na mhasibu yule yule: senti inayosalia humwendea aliyetangulia kujiunga, na huingizwa kwa mstari wake wenyewe.