Siku za mwisho melini, Montevideo hadi Buenos Aires

Watu wengi nikiwaambia nilifanya kazi kwenye meli ya watalii huko Amerika Kusini wanataka kuskia habari za barafu na pengwini. Nawaambia sawa, hizo pia nilizipata, lakini kilichonikaa mpaka leo ni zile siku za mwisho, kutoka Puerto Madryn mpaka Buenos Aires, manake ndo zilikua siku za mwisho za kontrakti yangu pia. Wageni walikua wanashuka na mimi nilikua nashuka, na wao walikua hawajui.

Mimi ni mtu wa Likoni. Kazi yangu ilikua hausikiping, yaani vyumba vya wageni. Asubuhi unafanya vyumba, mchana unapumzika kidogo, jioni unarudi tena kila chumba kufunga mapazia, kubadilisha taulo, kutengeneza kitanda cha kulalia na kuwekea mgeni ratiba ya kesho juu ya mto. Kila siku hivyo, hakuna Jumapili wala sikukuu. Safari hiyo meli ilitoka San Antonio pale Chile, ikateremka kusini kwa zile njia za maji zilizobanwa na milima, ikaingia Punta Arenas, Ushuaia, ikapita Cape Horn, kile kisiwa cha ncha ya kusini kabisa, ikapanda Falkland, halafu ikagusa tena Argentina pale Puerto Madryn. Nyingi ya hizo bandari nilizionea dirishani nikiwa nimeshika shuka za mtu mkononi, ila Cape Horn nilitoka nje. Supavaiza wetu alituachia dakika chache tukapanda mbele kule sitaha ya wafanyakazi, upepo unakupiga mpaka machozi yanatoka, na kile kisiwa kiko pale cheusi na mawingu yamekilalia.

Kwenye vyumba vyangu kulikua na mzee mmoja Mkanada, mgonjwa wa magoti, anasafiri peke yake. Huyo ndo alinieleza kwamba kabla Mfereji wa Panama kufunguliwa 1914 meli za mizigo zilikua zinapita hapo hapo Cape Horn kutoka bahari moja kwenda nyingine, tena za matanga, na nyingi ziliishia chini. Alikua na ramani yake ya karatasi mezani, kila jioni anachora kwa penseli pale tulipofikia. Nikiingia kutengeneza kitanda ananiita, njoo uone, na mimi naangalia hata kama nina vyumba vingine vinanisubiri, kwa sababu alikua anafurahi kweli na ni kazi gani itaharibika kwa dakika moja.

Baada ya Puerto Madryn tukawa na siku nzima baharini. Hiyo siku kwa wageni ni ya mapumziko na picha, kwa sisi ndo maandalizi yanaanza. Unagawa tagi za mizigo chumba kwa chumba, kila rangi na saa yake ya kushuka, unagawa karatasi za maelezo, unajibu maswali mamoja mara mia, nitapata wapi begi langu, basi la uwanja wa ndege linatoka saa ngapi. Na chini kwetu nako kuna orodha imebandikwa ukutani ya wanaoshuka Buenos Aires, majina ya kila nchi, na langu limo. Nilikua napita pale bila sababu nikaliangalie tu. Rafiki yangu tuliyekua tunalala chumba kimoja, dada mmoja Mfilipino wa Iloilo, yeye jina lake halikuwepo, alikua amebakisha miezi. Hakuniambia neno lolote kuhusu hiyo orodha. Alichofanya ni kuanza kunifulia nguo zangu usiku pamoja na zake bila kuniuliza, nikiamka nazikuta zimekunjwa.

Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, tuliingia Jumapili, mwezi wa pili, jua kali. Uzuri wa Montevideo bandari iko mjini kabisa, ukitoka geti tu uko Ciudad Vieja, yaani mji wa kale, hapo mbele ni Mercado del Puerto, lile soko la zamani la mwaka 1868 ambalo sasa ndani ni nyama choma mtupu, kuni zinawaka, moshi umejaa mpaka kwenye paa la vyuma. Watu wanatembea na termosi ya maji moto kwapani na kikombe cha mate mkononi, hiyo mate ni chai yao ya majani, mpaka dereva wa basi anacho. Nilikua na saa za mapumziko kuanzia mchana na tulitoka wawili, mimi na kijana mmoja wa Kilifi aliyekua anafanya kazi jikoni. Tulikua tunatafuta wai-fai tu tupige simu nyumbani, huo ndo ukweli, manake mtu wa meli akishuka kitu cha kwanza ni wai-fai.

Tukapiga simu, tukaongea na nyumbani, halafu tukasema tutembee kidogo. Tukazidi kwenda tu mpaka tukafika mtaa unaitwa Barrio Sur, nyumba za ghorofa moja moja, rangi rangi, kimya. Tukaona moto barabarani. Makaratasi na mbao zinawaka pembeni ya lami, na ngoma zimepangwa kuuzunguka huo moto, midomo ya ngozi inaangalia ndani, zinaota.

Sisi wawili tuliangaliana hata hatukusema kitu. Mtu wa Pwani ukiona ngoma inaoteshwa moto huhitaji kuelezwa, unajua ngozi inakazwa na muda si mrefu itapigwa. Mimi ni Mdigo, nimekulia kwenye sengenya, ile ngoma yetu, babu zangu upande wa mama walikua wapigaji, najua ngoma ya chapuo na najua ya vumi, najua mzee anavyoinama kugonga ngozi kwa kidole kuskia kama imefika. Na hapo, upande wa pili wa Atlantiki, kulikua na mzee mweusi ameinama anagonga ngozi kwa kidole.

Wakazivaa begani kwa mkanda, mkono mmoja fimbo, mwingine mtupu, wakaanza kutembea polepole wakipiga. Ni ngoma za aina tatu, ile ndogo wanaita chico inashika mwendo haibadiliki, repique inaongea inavyotaka, na piano ndo kubwa ya sauti nzito, hiyo unaiskia tumboni. Zilikua nyingi mno na mtaa ni mwembamba, sauti inagonga ukuta inarudi. Wanawake wanacheza mbele, watoto wanafuata, weusi na weupe wamechanganyika. Hiyo ndo candombe, na Februari ni msimu wa kanivali yao, yale maandamano makubwa wanayoita Llamadas yanapita mitaa hiyo hiyo ya Barrio Sur na Palermo. UNESCO waliiandika kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009, lakini wakati ule mimi hayo sikua nayajua, nilijua tu miguu yangu imeanza kucheza yenyewe na kijana wa Kilifi analia, tena kulia kabisa, anajifuta na mkono wa shati.

Walipopumzika yule mzee akatujia. Kihispania chetu kilikua cha kuuliza bei tu. Akauliza kitu, tukadhani anauliza tumetoka wapi, tukasema Kenia, akasema África, tukasema ndio. Hakusema tena neno. Akavua ngoma yake begani akamvika yule kijana. Na yule kijana, mtu ambaye mimi nilikua namjua kwa kumenya viazi na kusukuma vyombo tu, akapiga. Hakupiga vyao, alipiga vya kwao Kilifi, na wale wenye chico wakamsubiri kidogo wakamskiliza halafu wakaingia chini yake na ikakaa. Wallahi ikakaa. Mzee alikua anatikisa kichwa tu, amefumba macho.

Baadaye nilisoma. Kuanzia 1791 Montevideo ndo iliwekwa na Wahispania kuwa bandari ya kuingizia watumwa wa eneo lote lile la mto wa Río de la Plata, na meli zao hazikutoka Angola na Afrika Magharibi peke yake, nyingi zilitoka Msumbiji. Msumbiji ni mwambao huu huu wetu, ukiteremka kusini tu ukapita Mtwara. Walizungushwa Rasi ya Tumaini Jema wakavushwa Atlantiki yote. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka mimi nilifika pale kwa mkataba, nina tiketi ya kurudi imeshakatwa, na paspoti yangu iko ofisini juu inanisubiri. Sijui niliweke vipi zaidi ya hapo.

Tukarudi mbio manake jioni kuna vyumba. Usiku ule meli ilitoka Montevideo kwenda Buenos Aires, ni kama kilomita mia mbili tu kuvuka ule mto, na hapo meli haikimbii, inafuata mfereji uliochimbwa chini ya maji na rubani wa mto yuko juu na nahodha, kwa sababu Río de la Plata ni pana ajabu, mdomoni ni kilomita 220 hivi, lakini kina chake ni kifupi. Maji ni ya udongo, mito ya Paraná na Uruguay inamwaga tope lote humo.

Ule usiku wa mwisho mgeni anaweka begi lake kubwa nje ya mlango, na korido ambayo mchana ilikua na zulia inageuka mizigo mitupu. Tunabeba mpaka lifti ya wafanyakazi, inateremka mpaka kile kikorido kirefu cha chini ambacho sisi watu wa meli tunakiita I-95, jina la barabara kuu ya Marekani, huko inapangwa kwa rangi kwenye vizimba vya chuma. Mgongo unauma. Wageni wengine wanakuja kukuaga, wanakupa bahasha, wanakuandikia kikaratasi kizuri, wengine wanapita tu. Nilipomaliza ilikua usiku wa manane na bado sijafunga begi langu mwenyewe. Kufika chumbani nikakuta limefungwa. Dada yangu wa Iloilo alikua ameshapanga kila kitu, viatu chini, zawadi za watoto katikati ya nguo zisivunjike, na amelala uso umeangalia ukuta. Nilijua hajalala. Nikapanda kitandani kwangu juu nikamwambia asante, akasema lala, kesho una kazi.

Asubuhi tuko tumefungwa Buenos Aires. Wageni wanatakiwa kutoka vyumbani mapema kwa sababu wapya wanaingia mchana huo huo, kwa hiyo una saa chache za kuvua kila kitanda, kuosha kila choo, kutandika upya. Nikafika chumba cha yule mzee Mkanada, nikamkuta amekaa kitini, kofia kichwani. Viti vya magurudumu vilikua havitoshi, alikua ameambiwa asubiri. Akataka kutoka akasimame kwenye korido asinizuie. Nikamwambia kaa babangu, nitafanya kazi na wewe ukiwa hapo. Nikavua shuka, nikafuta vumbi kumzunguka. Nikamwambia na mimi nashuka leo.

Akashangaa sana. Akasema nilidhani nyinyi mnabaki. Akaitoa ile ramani begini akaitandaza juu ya godoro tupu, mstari wa penseli umezunguka mpaka Buenos Aires, akaniuliza nyumbani kwako ni wapi hapa. Ramani ilikua inaishia katikati ya Atlantiki. Nikaweka kidole kwenye godoro, mbali kabisa nje ya karatasi, karibu na ukingo wa kitanda, nikamwambia hapa. Akachukua penseli akataka kuchora, akaona ni godoro la meli, akaacha. Akapima kwa mkono wake toka Buenos Aires mpaka kidole changu. Akasema ni mbali, nani anakuja kukupokea? Nikamtajia, mamangu, kakangu, wanangu wawili. Kiti cha magurudumu kikaja. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili na hakutoa hotuba, na mimi nilishukuru kwamba hakutoa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Unarudisha funguo, sare na beji ya jina, unasaini hesabu ya mwisho ya mshahara, unapewa paspoti na kitabu cha ubaharia. Wafanyakazi wapya nao wanapanda hapo hapo, wameshika mabegi, wanatazama ishara za ukutani, mtu anawaongoza. Kule I-95 nilimtafuta dada yangu nikaambiwa yuko sitaha ya tisa, vyumba vyake na nusu ya vyangu amepewa yeye, hawezi kushuka. Nikapanda kwa ngazi za wafanyakazi, begi nimeliacha chini, nikamkuta amepiga magoti bafuni. Tulikumbatiana na glavu zake mkononi, zinanuka dawa, kidogo tu, kisha akanisukuma, nenda, gari litakuacha.

Kadi yangu ilipigwa mlangoni mara ya mwisho na mlinzi akaibakisha. Pale bandarini huruhusiwi kutembea kwa miguu katikati ya makontena, unapanda basi mpaka jengo la abiria, linaitwa Quinquela Martín, jina la yule mchoraji wa mtaa wa La Boca. Ajenti akatukusanya wa kila nchi akatupeleka Ezeiza, uwanja wa ndege, mwendo mrefu tu kutoka katikati ya jiji. Yule kijana wa Kilifi naye alikua anashuka, tulikaa pamoja na alikua anapiga vidole kwenye magoti njia nzima.

Uwanjani nikapata wai-fai. Ujumbe wake ulikua umeshaingia, wa yule dada. Ameletewa msichana mpya chumbani, Mwindonesia, kontrakti yake ya kwanza, analia na hajui aweke wapi vitu vyake. Nikamjibu amwambie droo ya chini inakwama, aivute kwa kuinyanyua, na pazia la kitanda cha juu alifunge upande wa kushoto ndo taa ya korido haitamsumbua. Akaniandikia sawa, ameshamwambia. Halafu wakaita abiria wa São Paulo na Addis, tukasimama kwenye laini.