Supu kwenye ndevu za mkubwa

Jumanne, usiku

Usingizi umekataa kwa sababu ya maneno manne ya Kichina. Liu xu pai ma: kulainisha ndevu, kumpigapiga farasi. Mwalimu alipotueleza maana yake jioni, darasa zima tulijibu kwa pamoja: uchawa! Tukacheka. Kisha akatusimulia ndevu zenyewe zilikuwa za nani.

Zilikuwa za Kou Zhun, aliyerudishwa uwaziri mkuu mwaka 1019, enzi za nasaba ya Song. Siku moja wakubwa wanakula pamoja, supu ikamdondokea ndevuni. Ding Wei, msaidizi wake, mtu ambaye Kou mwenyewe alikuwa amempigia debe, akainuka na kumfuta taratibu. Kou akacheka, akamuuliza: waziri mzima wa dola, kazi yako ndiyo kumpangusa mkubwa wako ndevu? Ding aliona aibu kubwa. Tangu hapo akawa anamchimba, mpaka Kou akavuliwa cheo na kuishia uhamishoni Leizhou, kusini kabisa.

Darasani wote walimsema Ding. Mimi nimebaki na kicheko cha Kou, maana nimewahi kukicheka.

Miaka sita iliyopita, kazini, kijana mmoja wa chini yangu alikuwa akinipokea mkoba getini kila asubuhi. Siku ya kikao akainuka kunimiminia chai. Nikamwambia mbele za watu, "Mdogo wangu, acha uchawa." Wakaangua kicheko. Akairudisha chupa mezani, akakaa, na hakusema neno mpaka kikao kinakwisha. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi uleule, na wa kuusaini ni mimi. Angefanyaje? Na ule mkoba nilikuwa nampa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Ding naye alianguka mwaka 1022, akafukuziwa Yazhou, kisiwani Hainan, na njia yake ikapita Leizhou. Kou akampelekea mpakani kondoo aliyepikwa kwa mvuke. Ding akaomba waonane, Kou akakataa. Watumishi wake walitaka kulipa kisasi, akawafungia mlango, wakawa wanacheza kamari humo ndani hadi Ding alipokwisha kwenda mbali. Mwaka uliofuata Kou akafia hukohuko.

Kondoo nimemwelewa. Kukataa kuonana ndiko kunakoniuma.

Idi iliyopita nilimtumia yule kijana salamu. Akajibu, "Ahsante bosi." Sijawa bosi wake kwa miaka mitano sasa. Kesho sitaandika, nitampigia.