Uvimbe wa paja Turkana: picha kwanza, sindano baadaye

Wagonjwa wengi wa hidatidi, yaani ugonjwa wa vifuko vya maji vinavyoota mwilini kutokana na tegu wa mbwa, ninaowahudumia hapa Turkana huja na uvimbe wa tumbo. Ukimeza yai la tegu wa mbwa, kimelea hutoboa utumbo na kuingia kwenye damu, na kituo chake cha kwanza ni ini. Huko ndiko hukua takriban asilimia 70 ya vifuko. Vinavyoliponyoka ini hunaswa mapafuni. Vichache vinavyopita kote ndivyo vinavyonikosesha usingizi, kwani huweza kuzuka popote: bandama, nyuma ya jicho, moyoni, ndani ya mfupa, kwenye msuli.

Mama mmoja mfugaji aliletwa na uvimbe wa paja. Hauumi, hauna joto, umekua kwa miaka. Barua ya rufaa ilisema ni mafuta, na ilipendekeza uvutwe kwa sindano uchunguzwe.

Nawasihi wenzangu: msifanye hivyo. Maji ya kifuko hubeba vichwa vidogo vya tegu, na kila kimoja kikimwagika kinaweza kuota kifuko kipya. Tena mwili unaweza kupatwa na mzio mkali, presha ikaporomoka papo hapo. Kutoboa kupo kama tiba, lakini ni kwa vifuko vilivyochaguliwa, hasa vya ini, mgonjwa akiwa ameshaanza albendazoli, dawa ya minyoo, na dawa za mzio zikiwa karibu.

Ultrasaundi ilitupa jibu. Ndani ya kifuko kikubwa palikuwa na vifuko vitoto vimesongamana kama punje za komamanga. Visipokuwepo vitoto, humgeuza mgonjwa ubavu na kutazama mchanga wa hidatidi, yaani vile vichwa vidogo vilivyotuama chini ya kifuko, ukitibuka na kushuka taratibu. Sijawahi kuchoka kuutazama. Damu tulipima pia, ila kifuko kikiwa nje ya ini siyategemei majibu hasi.

Tukapiga picha ya ini na kifua, maana kifuko cha paja huenda kina ndugu. Kwenye ini kilikuwepo kimoja, kimeshakauka na kuwa kigumu. Hicho hakihitaji kisu wala dawa, ni kufuatiliwa tu.

Tulihakikisha hana mimba, tukapima ini linavyofanya kazi, akaanza albendazoli miligramu 400 asubuhi na jioni pamoja na chakula chenye mafuta. Bila mafuta dawa hii hufyonzwa kidogo mno. Madaktari wa upasuaji wakakitoa kifuko kizima, wamekizungushia vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi kali, na dawa ikaendelea baada ya hapo. Ingekuwa mfupani, kazi ingekuwa ngumu mara nyingi zaidi: huko kifuko hakijengi ukuta, hutambaa ndani ya uboho hadi mfupa uvunjike.

Aliniuliza, "Daktari, nitawaambukiza watoto?"

"Hapana, mama. Mtu hamwambukizi mtu. Ni mbwa aliyekula ini au pafu la mbuzi lenye vifuko, halafu mavi yake yakafika kwenye mikono, maji au chakula."

Mbwa wapewe dawa ya tegu, na maini, mapafu na viungo vingine vya ndani vya mifugo iliyochinjwa vifukiwe au vichomwe.

Ninyi mlioko Kitale, Eldoret na Nairobi, kifuko hukua polepole, na mtoto wa Turkana anaweza kuwafikia akiwa mtu mzima mwenye kazi ya ofisini. Kabla ya kushika sindano, muulizeni alilelewa wapi na kama nyumbani kwao kulikuwa na mbwa.