Swichi wanayo wenyewe

Aisee jana hapa steshenari kwangu Mwenge mteja kakaa kwenye benchi anasubiri barua ya kuomba kazi, dogo anayenisaidia kafungua AI tunayotumia kila siku ikamwandikia huduma haipatikani kwenye nchi yako, basi. Hamna sababu, hamna namba ya kupiga. Dogo ananiangalia tu maana tangu aje hapa hajawahi kuandika barua kwa kichwa chake, nikamwambia pisha, nikapiga YAH: MAOMBI YA KAZI kama enzi zile.

Sasa hii kitu si yetu jamani. 2023 Italia waliifungia ChatGPT, AI ya Wamarekani, karibu mwezi mzima kisa taarifa binafsi za watu, na wenye nayo wakarekebisha, ila wale ni Italia. Sisi tukigoma nani atashtuka? Januari 2025 serikali ya Biden kule Marekani ilitoa kanuni ya nchi ipi ipate kiasi gani cha chipu za AI, vile vifaa vya kompyuta vinavyoiendesha, Tanzania tukawekwa kundi la kati lenye kikomo, hatukuulizwa, Mei mwaka huohuo serikali ya Trump ikaifuta, hatukuulizwa tena. Na VPN nayo, ile programu ya kuficha uko nchi gani, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) tangu 2023 walisema ukitumia ujisajili, kwa hiyo mlango wa nyuma nao una mlinzi (mi simo).

Nasikia ile AI ya Wachina, DeepSeek, kuna matoleo madogo unashusha yanapiga kazi bila hata bando. Mwenye uzoefu anicheki, ila kompyuta yangu RAM ni GB 4 msinicheke.