Siku yangu na kostiki, barafu ya samaki na unga wa vitundu

Saa 12:30 asubuhi, mwaloni Kirumba, Mwanza. Wenzangu wamefuata sangara, mimi nimefuata barafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tena barafu bila samaki?"

Ananijazia ndoo huku akicheka.

Saa 3, maabara. Napima zeolaiti aina ya ZSM-5, kichocheo chetu, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia: unga mweupe wa silikoni, alumini na oksijeni, wenye vitundu vya nanomita 0.55 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Molekuli ndogo za petroli hupita humo bila shida. Mafuta ya sangara, ambayo tunataka kuyavunja yawe mafuta mepesi, hayapiti kwa sababu molekuli zake ni pana mno. Hubaki nje, na sehemu kubwa ya kichocheo hukaa bure. Aliyewahi kupanda Mabatini kule kwenye mawe ataelewa: nyumba zimejaa, vichochoro vipo, gari haliingii. Mimi nachonga barabara, na nyumba zisibomoke.

Saa 4:30. Nusu saa ya kazi yenyewe. Kostiki soda, gramu 8 kwa lita ya maji, nyuzi 65. Namimina unga, sumaku inakoroga, jicho kwenye saa. Kostiki inang'oa silikoni ukutani. Alumini inaizuia isile kila mahali. Ndiyo maana nachagua unga wenye atomu 25 hadi 50 za silikoni kwa kila moja ya alumini. Alumini ikizidi, kostiki haing'ati. Ikipungua sana, ukuta unameguka ovyo na kuacha mapango yasiyo na faida. Tunataka matundu ya nanomita 2 hadi 50, na vile vidogo vibaki, maana humo ndimo ilimo asidi inayofanya kazi. Wanaojisifia ukubwa wa tundu tu hunichosha.

Dakika ya 30 nazamisha bika kwenye barafu ya mama, kostiki iache kula. Barafu inanuka samaki, lakini haigusi dawa.

Saa 6 hadi 8: kuchuja, kuosha, kuchuja tena. Litmasi nyekundu ikiacha kugeuka bluu, unga unaingia kwenye joto ukauke, nami naenda kwenye ugali na sato.

Saa 9, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo: "Mwalimu, tukishatoboa si tumemaliza?"

Bado. Kostiki imeacha sodiamu, nayo imekalia nafasi ya asidi. Unga unalowekwa kwenye amonia naitreti ili sodiamu itoke. Ukichomwa kwa nyuzi 550, amonia inaruka na asidi inabaki. Nampa ule wa jana, uliokwisha kulowekwa, autie tanuruni.

Saa 11, wa leo umekauka. Karibu theluthi ya uzito imekwenda, nyingi yake silikoni. Mizani haisemi matundu yana upana gani. Kipimo hicho kinataka naitrojeni ya nyuzi -196, na mashine yake hatuna. Kichupa kitapanda basi la Dar kesho. Kijana anabaki na tanuru, nami nawahi daladala ya Nyegezi kabla hazijajaa.