Mashine pepe inapogoma baada ya kuhamishwa

Mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi, iliyokuwa ikiwaka vizuri kwenye kompyuta moja ikagoma kwenye nyingine, kwa kawaida haijaharibika. Kilichobadilika ni vifaa inavyoonyeshwa, na kwa kuwa vifaa hivyo vimebuniwa na programu, sehemu kubwa ya matatizo haya hurekebishwa kwa kuhariri mistari michache ya maandishi. Wengi hukimbilia kusakinisha mfumo upya. Kwa maoni yangu hiyo iwe hatua ya mwisho kabisa, maana hufuta data na ushahidi wa chanzo cha tatizo kwa pamoja.

Kabla ya kuishuku mashine yenyewe, ni vyema kuhakikisha kwamba prosesa halisi inaruhusu kazi hii. Intel ilianza kutoa prosesa zenye VT-x, uwezo wa kusaidia mashine pepe, mwaka 2005, na AMD ikafuata na AMD-V mwaka 2006, hivyo ni nadra siku hizi kukuta kompyuta ya Intel au AMD isiyo na uwezo huo, ingawa si ajabu kuukuta umezimwa katika mipangilio ya BIOS au UEFI, programu inayoianzisha kompyuta kabla ya mfumo endeshi. Hapo VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, huonyesha ujumbe VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED kwa Intel, au VERR_SVM_DISABLED kwa AMD, na dawa yake ni kuuwasha uwezo huo katika mipangilio hiyo.

Shida hutatanisha zaidi pale uwezo unapokuwa umewashwa lakini umekwisha kushikwa na programu nyingine. Katika Windows, Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, inaweza kuwa inafanya kazi bila mtumiaji kuiomba, kwa sababu ulinzi wa kumbukumbu ulio ndani ya mfumo huo huitegemea. VirtualBox hapo hulazimika kupitia mlango wa Hyper-V, na alama ndogo ya kobe hutokea chini ya dirisha. Kobe huyo hatanii, kwani mwendo hupungua kweli. Amri ya bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, ikifuatiwa na kuwasha kompyuta upya, huiondoa Hyper-V njiani, lakini huzima pia WSL 2 (sehemu ya Windows ya kuendeshea Linux) na ulinzi huo wa kumbukumbu, kwa hiyo mtu aamue kipi anakihitaji zaidi. Kwenye Linux, tangu keneli (kiini cha mfumo) toleo la 6.12, KVM, sehemu ya keneli inayoendesha mashine pepe, hushika uwezo wa prosesa mara tu moduli yake inapopakiwa, na VirtualBox huweza kukwama kwa ujumbe VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE hadi moduli hiyo iondolewe au keneli iwashwe kwa kigezo kvm.enable_virt_at_load=0.

Tukivuka hapo, tunafika kwenye toleo la vifaa pepe, ambalo huwasumbua hasa watumiaji wa programu za mashine pepe za VMware, yaani Workstation ya kompyuta binafsi na ESXi ya seva. Kila mashine hubeba katika faili lake la .vmx mstari wa virtualHW.version, wenye namba inayoeleza kizazi cha vifaa ilivyoundiwa. Workstation 15 hutumia toleo la 16, Workstation 16 ilianza na 18, na Workstation 17 ilianza na 20, ilhali ESXi 7.0 ilipotoka ilikomea 17. Programu mpya huipokea mashine ya zamani bila shida, lakini ya zamani huikataa mashine iliyoundwa na programu mpya kuliko yenyewe, hata kama mfumo uliomo ndani ungeweza kufanya kazi. Njia salama ni kurudi kwenye kompyuta ilikotoka, kuizima mashine kabisa, kwa sababu iliyosimamishwa katikati ya kazi haifai, kisha kutumia chaguo la kubadilisha ulinganifu wa vifaa lililo katika menyu ya Workstation. Chaguo hilo huweza kutengeneza nakala mpya na kuiacha ya asili ilivyo, nami naona hakuna sababu ya kulifanya kwa namna nyingine.

Iwapo kompyuta ya awali haipo tena, namba hiyo inaweza kupunguzwa kwa mkono katika kihariri cha maandishi, baada ya kuhifadhi nakala ya faili. Mara nyingi hilo hutosha, ila kifaa ambacho toleo la chini halikijui kitalazimika kuondolewa. Kwa mashine iliyohamishwa kama OVF, umbizo la kuhamishia mashine pepe kati ya programu, namba hiyo imo ndani ya faili la .ovf katika umbo kama vmx-20, na kuna mtego: ukilihariri, alama ya uhakiki iliyoandikwa katika faili la .mf haitalingana nalo tena, na uingizaji utakataliwa mpaka alama hiyo ikokotolewe upya au faili la .mf liondolewe.

Kuna pia mashine inayokubaliwa na programu lakini mfumo uliomo ndani unaanguka. Windows XP iliyosakinishwa kwenye kidhibiti cha diski cha IDE, ikihamishiwa kipya zaidi cha SATA, huishia skrini ya bluu yenye 0x0000007B, kwa kuwa haina draiva ya kuifikia diski inayoanzia. Kuirudisha diski kwenye IDE humaliza tatizo. Kwa anayehamia virtio, vifaa vilivyobuniwa mahususi kwa mashine pepe, katika KVM, mbinu niipendayo ni kuiacha diski kuu ilipo, kuongeza diski ndogo tupu ya aina ya virtio ili Windows isakinishe draiva, na kubadilisha diski kuu baadaye. Linux huwa na ustahimilivu zaidi, lakini fstab (faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa) iliyotaja /dev/sda itapotea njia diski ikigeuka /dev/vda, na mipangilio ya mtandao iliyoandikiwa kadi ya ens33 ya VMware haitatumika kwenye VirtualBox, ambako kadi hujitokeza kama enp0s3. Diski iliyosakinishwa kwa BIOS nayo haitawaka katika mashine ya kizazi cha 2 ya Hyper-V, kwani hiyo hutumia UEFI pekee.

Wakati mwingine prosesa pepe ndiyo inayokuwa duni mno. Red Hat Enterprise Linux 9, iliyotoka mwaka 2022, inadai prosesa ya kiwango cha x86-64-v2, chenye amri zaidi ya zile za awali, na mashine ya Proxmox (mfumo wa seva za mashine pepe) iliyoachiwa prosesa ya aina ya kvm64 haikifikii, hata kama prosesa halisi iliyo chini yake ni ya kisasa kabisa. Kuchagua aina ya host, inayoionyesha mashine prosesa halisi ilivyo, hutatua jambo hilo mara moja, ingawa mashine hiyo haitahamishika kirahisi ikiwa inawaka kwenda kwenye seva yenye prosesa tofauti.

Mpaka usiovukika kwa kuhariri mafaili ni ule wa aina ya prosesa. Kompyuta za Apple zenye M1 na zilizofuata, kuanzia mwaka 2020, ni za ARM, hivyo mashine pepe ya x86 (familia ya prosesa za Intel na AMD) haiwezi kuendeshwa humo moja kwa moja. Programu ya QEMU inaweza kuigiza prosesa nzima, lakini kwa mwendo wa kuchosha kwa kazi yoyote nzito. Kwa mashine ya namna hiyo, mimi huona afadhali ibaki kwenye kompyuta ya Intel au AMD na kufikiwa kwa mtandao.