Bendeji ya Jirani na Soksi za Kubana

Siku ya pili baada ya nusu marathoni ya Kilimanjaro nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, nimeshikilia ukuta, huku mwanangu wa darasa la pili akinihesabia vidato. Zile kilometa 21.1 nilizimaliza kwa muda ambao sitautaja hapa. Kupanda kuelekea Mweka hakukuniumiza sana, kwa kuwa sehemu kubwa nilitembea bila aibu. Nilichokilipia ni kuporomoka kurudi Moshi mjini. Msuli unaofunga breki huku ukirefushwa hupata mipasuko midogo midogo ndani yake, na maumivu yake hukawia, yakapamba moto kati ya saa 24 na 72 baadaye.

Jirani yangu, ambaye hujiita kocha kwa sababu anamiliki filimbi, alinishauri nijifunge bendeji ya kuvutika na kuikaza "mpaka usikie mapigo." Nikatii. Nilianzia chini ya goti, nikakaza kwa nguvu zangu zote, kisha nikateremka nikilegeza kadiri bendeji ilivyokuwa ikiniishia, nikalala nayo. Saa nane usiku niliamshwa na ganzi. Vidole vilikuwa vimevimba kama ndizi mshare, na chini ya goti palichongeka mfereji ambao ungeweza kumwagilia kihamba kizima.

Nilikuwa nimefanya kinyume kabisa. Mbano unapaswa kuwa mkubwa kwenye kifundo cha mguu na kupungua kadiri unavyopanda, ili damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, na majimaji yaliyotuama yasukumwe kuelekea juu. Mimi nilikuwa nimebana njia ya kurudi na kuiacha ya kuingia wazi.

Nikaamua kutafuta soksi za kubana. Za mitumba nilizojaribu kwanza, kutoka soko la Memorial, mpira wake ulikuwa umekwisha kuchoka, zikanitelemkia kama soksi za shule. Nikaenda duka la dawa na kununua zenye mbano wa milimita 15 hadi 20 za zebaki, kipimo kile kile cha shinikizo la damu, kwa bei iliyonifanya niulize mara mbili. Pimeni mzunguko wa kifundo na wa kigimbi asubuhi, mguu ukiwa haujavimba.

Kuzivaa ndiyo kazi, nami hapa najisifu. Zangu ziko wazi vidoleni, kwa hiyo huvika mguu kwanza mfuko mwembamba wa mkate, nikapitisha soksi juu yake ikateleza bila ugomvi, kisha nikauchomoa mfuko kwa mbele. Mke wangu aliyekuwa akinicheka sasa hulinda mifuko hiyo isitupwe. Yeye ndiye aliyeniazima pia taiti yake ya mazoezi, maana soksi huishia gotini na mapaja yangu yalikuwa yanalia peke yake. Picha hazikupigwa.

Maumivu hayakutoweka, ila uzito ule wa miguu ulipungua, na siku ya nne nilishuka ngazi nikitazama mbele. Sitazipa soksi sifa zote, kwani nilitembea taratibu kila jioni na kulala mapema, tena bila kitu chochote kinachobana. Mwenye kisukari au mishipa isiyopitisha damu vizuri amwone daktari kabla ya kuzivaa, na mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, huo si uchovu wa mbio. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Juzi jirani alikuja kuazima soksi zangu. Nilimpa futi kamba, nikamwambia aanze kupima kifundo.